"Mulango iko wazi": mkubwa akikunyanyasa kazini, usikimbilie kuandika demisyo

"Kama unachoka, mulango iko wazi. Inje kuko watu mingi wanatafuta hii kazi."

Maneno hayo, aliyefanya kazi kwa mwingine mjini Bunia amekwisha kuyasikia: katika depo za Boulevard de Libération, katika ofisi za mashirika, shuleni, hospitalini, hata jikoni kwa watu. Anayeyasema anajua analofanya. Hataki kumfukuza mtu, kwa sababu kufukuza kunaomba sababu, barua na feza. Anamchokoza tu, siku kwa siku, mpaka aondoke mwenyewe. Na mara nyingi anayeondoka anaacha nyuma yake karatasi moja ambayo itamfunga: barua ya demisyo.

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Si mtu fulani, lakini wengi watajitambua ndani yake. Anapokea feza za wateja katika depo moja ya mjini, miaka minne imetimia sasa, na kontra yake ni ile isiyo na mwisho, wanayoiita CDI. Tangu meneja mpya afike, mama huyu hasalimiwi tena. Anatukanwa mbele ya wateja. Ananyimwa kiti. Hesabu yake ikiwa sawasawa, inarudiwa mara tatu mbele ya wenzake huku wakicheka. Anaambiwa zamu yake ni ya asubuhi, akifika anaambiwa ilikuwa ya jioni. Hakuna aliyemgusa hata kwa kidole. Lakini usiku hapati usingizi, kichwa kinamuuma, na simu ya kazi ikilia moyo unamruka. Mwishowe kaka yake anayejua Kifaransa anamwandikia barua, akinakili mfano ambao kila mtu anao: "J'ai l'honneur de vous présenter ma démission pour convenance personnelle."

"Convenance personnelle" maana yake: naondoka kwa kupenda kwangu. Kwa maneno hayo mawili mama huyu ameshuhudia juu yake mwenyewe. Kwanza, anayetoa demisyo ndiye anabaki na deni la preavi, yaani zile siku za kutangulia kujulisha. Sheria inamuomba bosi anayevunja CDI atoe siku 14 za kazi, na aongeze siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mfanyakazi anayeondoka anatoa nusu yake. Kwa miaka 4, upande wa bosi ni siku 42, upande wa mama ni siku 21. Asipozifanya, bosi anaweza kumdai feza zake. Pili, hawezi tena kuomba malipo ya madhara kirahisi. Akienda kulalamika kwamba alinyanyaswa, meneja atatoa barua na kusema: "Muangalie, aliandika mwenyewe, na sahihi ni yake."

Kumbe kulikuwa na barua nyingine ya kuandika.

Kosa zito la bosi

Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inataja wazi kile kinachoitwa kwa Kifaransa "harcèlement moral": manyanyaso yanayoshambulia moyo na heshima ya mtu. Kifungu cha 73 kinasema mfanyakazi anaweza kuvunja kontra palepale juu ya kosa zito la bosi, "faute lourde". Kati ya makosa hayo kumeandikwa manyanyaso ya kijinsia au ya moyo, vitisho, kupiga, na matusi makali. Haijalishi kama yalifanywa na bosi mwenyewe ama na mtu aliyemweka kusimamia. Tena kuna sehemu moja watu wanaisahau: kifungu hicho kinamhesabia kosa pia bosi anayeachilia wafanyakazi wengine wamtendee mwenzao hivyo. Kwa hiyo bosi hawezi kujitetea kwa kusema, "Hayo ni mambo yenu ninyi kwa ninyi."

Kifungu cha 74 kinageuza upande wa pili. Mfanyakazi anayemnyanyasa bosi au wenzake naye anaweza kuondolewa palepale. Ndiyo kusema mwenye depo angeweza kumwondoa meneja wake kwa sheria ileile, kama angetaka kusikia.

Mwaka ule 2002 mambo yalienda kwa haraka. Neno lenyewe lilienea baada ya kitabu cha 1998 cha daktari wa akili wa Ufaransa, Marie-France Hirigoyen. Ufaransa ililiingiza katika sheria mwezi wa kwanza 2002, Ubelgiji mwezi wa sita, Kongo mwezi wa kumi. Kwa mara hii Kinshasa haikuchelewa. Ila siku sheria ilipotiwa sahihi, Bunia ilikuwa mikononi mwa UPC tangu mwezi wa nane, watu wako wanakimbia, na nani alikuwa na nafasi ya kusoma Journal officiel? Miaka mitatu kiisha, tarehe 26 mwezi wa kumi 2005, waziri wa kazi alitoa amri nyingine, namba 114/2005, inayokataza manyanyaso ya kijinsia na ya moyo katika kazi ya kontra.

Sasa, si kila ukali ni manyanyaso. Bosi ana haki ya kusimamia kazi. Anaweza kukuandikia "demande d'explication" ukichelewa, kukukatalia ripoti mbaya, kukubadilishia fasi ya kazi kama kontra inaruhusu. Hayo yanakuuma lakini yanahusu kazi. Mambo yanageuka pale yanapomlenga mtu: kabila lake, mwili wake, ujane wake, kutozaa kwake, masomo yake, ao pale adhabu inapokuwa bila kosa, matusi yanapokuwa mbele ya watu, kazi inapoondolewa yote mtu akae siku nzima akiangalia ukuta. Sheria ileile inamdai bosi aangalie kazi ifanyike katika hali inayolinda usalama, afya na heshima ya mfanyakazi. Heshima imeandikwa pale pamoja na afya.

Siku 15 zinakwisha mbio

Hapa ndipo wengi wanaangukia. Anayetaka kuvunja kontra kwa kosa zito anapaswa kumjulisha mwenzake kwa maandishi, si zaidi ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo lenyewe. Kifungu cha 72. Kwa mtu aliyeiba, hesabu ni rahisi: siku wizi ulipojulikana. Lakini manyanyaso ya moyo hayaji siku moja. Yanadondoka kama mvua ya Bunia mwezi wa kumi, leo kidogo, kesho kidogo. Mama wetu akingoja miezi sita akiomba Mungu meneja abadilike, kiisha akaandika juu ya tusi la miezi sita iliyopita, atajibiwa kwamba muda umepita. Njia salama ni kushika tendo la mwisho, kuhesabu siku 15 kutoka pale, na kuyaeleza ya nyuma kama mwendo mmoja uliofika mpaka siku ile.

Ndiyo maana daftari ni kitu cha maana kuliko hasira. Daftari ya shule ya kawaida inatosha: tarehe, saa, fasi, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa (kwa Kiswahili, kwa Lingala, hata kama ni matusi), na nani alikuwa pale. Ikae nyumbani, si katika meza ya kazi. Meseji na sauti za WhatsApp zisifutwe. Simu ikiibiwa zinapotea, basi zitumwe kwa mtu wa kuaminika. Ukienda kwa daktari juu ya usingizi au presha, mwambie ilianza lini na ilianza juu ya nini, na uombe cheti. Daktari hawezi kuandika kwamba meneja ni mbaya, lakini anaweza kuandika tarehe na ugonjwa alioukuta. Mbele ya mwamuzi, tarehe ya daktari ikifanana na tarehe ya daftari, hiyo inazungumza.

Kulalamika mbele ya kuondoka

Kuvunja kontra ni mlango wa mwisho, na kwa mtu anayelipa nyumba Mudzipela ao Nyakasanza na watoto wanne shuleni, si mlango wa kuchezea. Mbele yake kuna hatua nyingine. Ya kwanza ni barua kwa bosi mkubwa kuliko anayekunyanyasa, ikieleza mambo kwa tarehe. Ifanywe kopi mbili. Moja inabaki kwako ikiwa na muhuri au sahihi ya kupokea. Bosi aliyejulishwa kwa maandishi hawezi kusema tena kwamba hakujua, na kukaa kimya kwake ndiko sheria inaita kuachilia. Kama kampuni ina delege wa sindika aliyechaguliwa, apewe naye kopi.

Woga unaeleweka: "Nikiandika, watanifukuza." Kifungu cha 62 kimeliwaza jambo hilo. Kuwa umeshitaki bosi ao umepeleka malalamiko kwa wakubwa wa serikali si sababu halali ya kukufukuza. Aliyefukuzwa kutoka CDI bila sababu halali ana haki ya kurudishwa kazini. Asiporudishwa, tribinali inaweza kumpa malipo ya madhara mpaka mishahara ya miezi 36, ikiangalia miaka aliyofanya, umri wake na aina ya kazi. Hiyo 36 ni mpaka wa juu, si ahadi. Wengi wanapata kidogo kuliko hapo.

Hatua nyingine ni Inspection du Travail. Wengine wanaenda moja kwa moja kwa avoka na kutaka kesi, lakini kifungu cha 298 kinafunga njia hiyo: tribinali haipokei shauri la kazi ambalo halijapita kwanza kwa inspekta kwa kutafuta mapatano. Inspekta anaita pande mbili. Wakipatana, anaandika, wasipopatana, anaandika, bosi asipofika, anaandika vilevile. Karatasi hiyo, "procès-verbal", ndiyo tikiti ya kuingia tribinali. Tribinali ya kazi inakaa na mwamuzi mmoja na wasaidizi wawili, mmoja wa upande wa mabosi, mwingine wa upande wa wafanyakazi. Mahali ambapo haijawekwa, kazi yake inafanywa na tribinali ya kawaida. Wakati état de siège ilipoanza mwezi wa tano 2021 katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, kesi za jinai ndizo zilipelekwa kwa waamuzi wa kijeshi. Mashauri ya kontra ya kazi yalibaki kwa waamuzi wa kiraia.

Mashauri hayo yanazeeka baada ya miaka 3. Lakini ya kudai mshahara yanazeeka baada ya mwaka 1 tu, na mara nyingi manyanyaso na mshahara usiolipwa vinatembea pamoja.

Kontra fupi, na mambo ya wakati wa Ebola

Kuna wafanyakazi ambao hawahitaji hata kutukanwa. Kontra yao ni ya miezi mitatu, na anayewasimamia ndiye anaamua kama itafanywa upya. Bunia, mji uliojaa mashirika, unalijua jambo hili vizuri.

Wakati wa Ebola ya 10, iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, wapishi, wasafishaji na wahamasishaji walichukuliwa kwa kontra za namna hiyo. Ripoti ya tume huru iliyotolewa tarehe 28 mwezi wa tisa 2021 ilionyesha yaliyotokea. Tume hiyo iliongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, mmoja wa waanzilishi wa SOFEPADI, shirika lililozaliwa hapa Bunia mwaka 2000. Ilitaja watu 83 walioshukiwa, 21 kati yao wakiwa wametumika na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS. Wanawake walieleza namna walivyoombwa mwili wao ili wapate kazi ama waibakize. Kati ya waliokataa kuna ambao kontra zilikatwa.

Kwa jambo la namna hiyo sheria ni kali zaidi. Tangu sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006, kumsumbua mtu kwa kurudiarudia, kwa vitisho ao kwa kutumia mamlaka ya kazi, ili kupata mwili wake, ni kosa la jinai: kifungo cha mwaka 1 mpaka 12, ao faini. Lakini mashitaka hayaanzi mpaka aliyetendewa ashitaki mwenyewe. Shirika la kutetea wanawake linaweza kumsindikiza, haliwezi kushitaki kwa fasi yake. Manyanyaso ya moyo peke yake hayana kifungo chake namna hiyo. Ila matusi ya mbele ya watu ni kosa katika kifungu cha 75 cha sheria ya jinai, siku 8 mpaka miezi 2, na jambo hilo mameneja wengi hawalijui.

Kuhusu kontra fupi zenyewe: bosi akiikata katikati bila haki, anapaswa kulipa mishahara yote iliyobaki mpaka tarehe ya mwisho. Na ukiacha kazi za msimu na kazi zilizopangwa kwa jambo moja maalum, sheria hairuhusu kumpa mtu yuleyule kontra fupi zaidi ya mbili. Anayeitwa kila miezi mitatu kwa mwaka wa tatu sasa, kazi ileile, anaweza kuwa na CDI bila kujua. Asiye na karatasi hata moja, kama dada wa kazi za nyumbani ao mlinzi wa usiku, naye sheria inamhesabu kwanza kuwa na CDI, mpaka bosi aonyeshe vingine.

Wanaobaki pembeni ni wafanyakazi wa Leta. Mwalimu ao muuguzi aliye katika orodha ya serikali hashikwi na sheria hii ya kazi. Yeye yuko chini ya sheria namba 16/013 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, na malalamiko yake yanapanda kwa wakubwa wake na kwa sindika yake. Ni njia ndefu, hasa kama mkubwa wa kwanza kwenye ngazi ndiye anayenyanyasa.

Kinachokosekana

Ukisoma vifungu hivi vyote pamoja, unaona kitu kimoja: sheria inazungumza zaidi na yule ambaye ameshaumia. Inampa njia ya kutoka. Kidogo sana inamuomba bosi azuie mambo yasianze. Ubelgiji, katika sheria yake ya mwezi wa sita 2002, ilimlazimisha bosi apime mapema hatari za namna hiyo na aweke mshauri ambaye mfanyakazi anaweza kumwendea bila kupita kwa meneja. Mkataba namba 190 uliopitishwa Genève tarehe 21 mwezi wa sita 2019 unaenda mbali zaidi: tendo moja tu linaweza kutosha, na unawahesabu pia wanaojifunza kazi, wanaojitolea na wanaotafuta kazi. Uganda na Rwanda, majirani, waliuridhia mwaka 2023.

Hata hivyo kampuni ya Bunia haihitaji kungoja Genève. Inaweza kuandika katika règlement d'entreprise yake jina la mtu wa kupokea malalamiko, mwanamke na mwanaume, na muda wa kujibu. Ni ukurasa mmoja, na gharama yake ni ndogo kuliko mishahara 36.

Tumrudie mama wa depo. Kama barua haijaondoka nyumbani, kaka yake anaweza kuipasua na kuandika nyingine, ndani ya siku 15 za kazi tangu tukio la mwisho. Kichwa cha barua si "démission", ni "résiliation du contrat pour faute lourde de l'employeur, article 73 du Code du travail". Chini yake zinafuata tarehe, maneno, majina ya walioona, na barua za kwanza ambazo bosi hakujibu. Kopi moja inaenda kwa inspekta wa kazi. Siku mbili za kazi baada ya kontra kwisha, bosi anapaswa kumpa cheti cha kazi kinachoonyesha kazi aliyofanya, siku aliyoanza na siku aliyomaliza. Sheria inakataza kuongeza hapo neno lingine lolote, hata kama meneja bado ana hasira.